Kabla Hujaining'iniza L24 kwenye Cheni

Wiki chache kabla ya Concours d'Elegance ya Ngong Racecourse, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, huwa tunawajua vijana wenye Datsun 240Z kwa maswali yao. Injini imetolewa, imepigwa sili mpya (vizuizi vya oili) kila mahali, imerudishwa, na bado kuna tone la oili linaning'inia chini ya kengele ya gia boksi, yaani kifuniko kinachoiunga na injini. Halafu swali: sili ipi ni orijino? Wadogo zangu, L24, injini ya 240Z, ndiyo iliyompa Edgar Herrmann ushindi wa Safari Rally mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973. Matope hayakuishinda. Tatizo ni lenu, na ni lilelile la kila mwaka.

1. Jua kwanza oili inatoka wapi. Osha injini kwa mafuta taa, ikauke, panda nayo hadi Limuru na urudi, kisha lala chini na tochi. Sili ya nyuma ya krankishafti, shafti kuu ya injini, husingiziwa mno. Gasketi ya kava ya valvu ikichoka, oili huteremka nyuma ya silinda hedi na kudondoka palepale unapoishtaki sili. Ikinuka kama kiberiti, hiyo ni oili ya gia, basi mshtakiwa ni sili ya mbele ya gia boksi. Kagua pia valvu na mipira ya kupumulia injini. Ikiziba, hewa ya ndani hukosa pa kutokea na kusukuma oili kupita kila sili, hata iliyotoka dukani Kirinyaga Road leo asubuhi.

2. Itoe injini pamoja na gia boksi. Anayeiacha gia boksi ndani huhangaika na bolti za juu za kengele, halafu huacha uzito uning'inie kwenye sahani ya klachi. Boneti na radieta vitoke kwanza, bawaba zikiwa na alama. Propela shafti ina bolti 4 kwenye difu. Tia alama flenji zote mbili. Silinda ndogo ya klachi ifungue bolti zake 2 na uifunge pembeni kwa waya, paipu usiiguse. Wenzo wa gia, kebo ya spidomita, nyaya za taa ya rivasi na waya wa ardhi ndivyo vinavyosahaulika, na utavikumbuka injini ikiwa imeinuka nusu na gari zima linainuka nayo. Nyuma ya gia boksi funga mfuko wa plastiki kwa raba, maana itatoka ikiwa imeinamisha mkia na oili yote itakumwagikia miguuni. Mzigo huo ni zaidi ya kilo 200. Tumia cheni bloku ya tani 1 kwenye chuma cha kuaminika. Tawi la mparachichi si chuma.

3. Sasa pampu ya oili. Hapa tuketi kidogo, kwa sababu hakuna anayejiita fundi wa L-series, familia ya injini hizi, ambaye hajakosea hapa, na sisi tumo.

Pampu imeshikiliwa na bolti 4 chini ya kava ya mbele. Unaitoa ubadilishe gasketi, na shafti fupi inateleza kukufuata mkononi. Unaifuta, unairudisha, unafunga, unajipongeza. Kumbe shafti hiyohiyo ndiyo inayozungusha distributa, kigawa cheche cha plagi, huku juu. Meno yake yamekatwa kwa mshazari, kwa hiyo hujizungusha inapoingia. Ukiianza imenyooka, inakaa imepinda.

Injini inarudi ndani. Inakataa kuwaka, au inawaka ikipiga kelele kwenye kabureta na kuchemka. Unazungusha distributa hadi mwisho wa nafasi yake, haitoshi. Unavunja kabureta zote mbili. Unanunua koili, pointi na plagi. Wiki mbili baadaye uko chali chini ya gari, oili ikiingia kwenye mkono wa ovaroli, unafungua bolti 4 zilezile. Waliokosea kwa nusu mzunguko ndio hatari zaidi: wanahamisha nyaya za plagi, gari linawaka vizuri, na fundi atakayekuja baada yao anachanganyikiwa.

Dawa yake ni dakika tano. Pistoni ya kwanza iwe juu kabisa kwenye mgandamizo. Alama ya puli peke yake haitoshi, kwani hufika sifuri mara mbili kwa kila mzunguko kamili wa kazi. Fungua kava ya valvu uone kemu (matuta yanayosukuma valvu) zote mbili za silinda ya kwanza zimeelekea juu. Linganisha kidoti cha shafti na tundu la oili la pampu, iingize, kisha chungulia kwenye shimo la distributa. Mlalo wa ncha yake usome kama uso wa saa wenye mshale mmoja kwenye namba 11 na mwingine kwenye 5 (11:25), nusu mwezi ndogo ya ncha hiyo ikiwa upande wa mbele. Haisomi hivyo? Toa, rudia. Na pampu ijazwe oili kabla ya kufungwa, isianze kazi ikiwa kavu.

4. Sili ya nyuma. Pitisha ukucha kwenye krankishafti pale mdomo wa sili ya zamani ulipokuwa ukisugua. Ukihisi mfereji, sili mpya usiizamishe hadi pale pale. Iache nyuma milimita 1 au 2 ikae kwenye chuma safi. Na zile sili mbili nyembamba za pembeni mwa kofia ya bering ya nyuma si za ziada, jamani.

5. Bolti za sampu, beseni la oili chini ya injini, ni M6 (nyembamba): nyosha kwanza mdomo wa sampu kwa nyundo juu ya ubao, kisha usizikaze kama nati za gurudumu.

6. Silikoni kidogo, kwenye pembe tu. Inayofurika ndani huishia kwenye chujio cha pampu.

7. Siku ya kuwasha, chomoa waya wa koili, zungusha kwa stata hadi geji ya oili ipande, ndipo uurudishe. Usiku tandika kadibodi chini ya gari. Tone likiwa mbele, chini ya puli, hiyo ni sili ya mbele, ambayo hubadilishwa injini ikiwa ndani, na ambayo bado iko kwenye pakiti juu ya meza yako.