Jumatano napiga vizuri, Jumamosi mpira unaingia msituni

Shikamoo Kocha. Nina miaka 41, nafanya biashara ya vipuri hapa Arusha, na handikapu yangu (mikwaju ninayopunguziwa kulingana na kiwango changu) ni 16. Jumatano jioni nikiwa mazoezini na kocha wangu, fimbo namba 7 inakwenda nyoofu mpaka makedi, wabeba begi wetu, wananipigia makofi. Jumamosi kwenye mashindano ya mwezi, nikifika tii ya kwanza, pale pa kuanzia shimo, na watu wamejaa barazani na soda zao, koo linakauka. Natamani nipige haraka niondoke pale. Mpira unaingia msituni kulia, na mashimo matatu manne yanayofuata sijui hata nimeyachezaje. Kocha wangu ananiambia, "Tulia tu, kaka." Sasa nimesikia kuna makocha wa akili kwenye gofu. Ni jambo la kweli, au ni la watu wenye roho nyepesi? Na kama ni kweli, wanafundisha nini hasa?
Mchezaji wa handikapu 16, Arusha

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo la roho nyepesi, maana ndilo linalowazuia wengi kuomba msaada. Aprili 2011 Rory McIlroy wa Ireland Kaskazini aliingia siku ya mwisho ya Masters, mojawapo ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, pale Augusta, Marekani, akiongoza kwa mikwaju minne (kwenye gofu anayepiga michache ndiye aliye mbele). Shimo la 10 mpira wake wa kwanza ukapotelea kushoto karibu na nyumba za wageni, shimo likamla mikwaju 7, na siku ikaisha kwa mikwaju 80, akaupoteza ubingwa. Miaka 14 baadaye, Aprili 2025, alilivaa lile koti la kijani la bingwa wa Masters, na mmoja wa watu aliokuwa akifanya nao kazi ni Bob Rotella, mwanasaikolojia wa michezo wa Marekani. Siku hiyo ya ushindi haikuwa laini hata kidogo. Alipoteza mikwaju miwili shimo la kwanza, na shimo la 18 akakosa pati fupi (mkwaju wa kuusukuma mpira shimoni) ambayo ingempa ubingwa palepale. Akarudi kwenye tii ya 18 kucheza shimo la ziada na Justin Rose, akashinda. Roho yake ilidunda kama inavyodunda yako. Ila yeye alikuwa amefundishwa cha kufanya inapodunda.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na kocha wako, kwa heshima zote. Mtu akikuambia "tulia" amekutajia hali anayotaka uwe nayo, hajakuambia ufanye nini. Hakuna msuli unaoitwa utulivu ambao unaweza kuukaza pale tii ya kwanza. Akili ya gofu inafundishwa kwa vitendo vya mwili, vinavyoonekana kwa macho, ambavyo mtu mwingine anaweza kusimama pembeni akavikagua.

Piga hesabu. Raundi yako inachukua kama saa nne. Ukipiga mikwaju 90, na kila mkwaju usizidi sekunde mbili tangu fimbo ianze kurudi nyuma, muda wote wa kupiga mpira ni dakika tatu. Saa zote zilizobaki unatembea na kichwa chako. Jumatano mnazifanyia kazi zile dakika tatu, na mnazifanyia vizuri, naamini. Zilizobaki hakuna aliyewahi kukufundisha.

Njia ninayoitumia mimi asili yake ni Pia Nilsson, aliyewahi kuwa kocha wa timu ya taifa ya Sweden, na mwenzake Mmarekani Lynn Marriott. Wao hugawa eneo la nyuma ya mpira sehemu mbili: sehemu ya kufikiri na sehemu ya kucheza. Annika Sörenstam, aliyelelewa kigofu na Nilsson, ndiye mwanamke wa kwanza kumaliza raundi kwa mikwaju 59 kwenye ligi ya wanawake ya Marekani, LPGA, mwaka 2001, kwa hiyo hatuzungumzii nadharia ya vitabuni. Mimi huchora mstari kwa fimbo kwenye nyasi, hatua mbili nyuma ya mpira. Ukiwa nyuma ya mstari, fikiri utakavyo: upepo, umbali, mpira uangukie wapi. Kisha sema uamuzi wako kwa sauti, kedi asikie: "Namba 7, kushoto kwa mjakaranda." Toa pumzi, ndefu kuliko uliyovuta. Halafu vuka. Ukishavuka hufikirii tena, unaangalia mjakaranda, unaangalia mpira, unapiga. Shaka ikikujia ukiwa mbele ya mstari, rudi nyuma uanze upya, hata kama watu wa barazani wanatazama. Sheria za gofu zinashauri mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40 tangu zamu yako ifike, na utaratibu wote huu, ukiuzoea, unachukua kama nusu ya hapo.

Nikitembea uwanjani na mwanafunzi, siutazami mpira unakokwenda. Natazama miguu na mikono yake kabla hajapiga. Yupo bwana mmoja, mfanyakazi wa bandarini, ambaye kwa kawaida huitikisa fimbo mara mbili juu ya mpira kisha anapiga. Akiogopa, anaitikisa mara nne, mara tano, na vidole vinazidi kukaza mpaka kucha zinakuwa nyeupe. Yeye mwenyewe hakuwa anajua. Tulipokubaliana kwamba mtikiso wa tatu ni amri ya kurudi nyuma ya mstari, mchezo wake ulibadilika bila mimi kumgusa bega wala kiuno. Hicho ndicho anachofanya kocha wa akili: anakuonyesha alama ya hofu yako mwilini, kisha mnaifungia kitendo. Alama yako, nikikusoma, ni haraka. "Natamani nipige haraka niondoke." Basi wewe mstari wako uwe hatua tatu nyuma, na pumzi ziwe mbili.

Sasa lile la mashimo matatu yanayopotea. Hilo ni somo jingine, la baada ya mkwaju, na kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi kwa mchezaji wa ridhaa. Mwaka 2007, kwenye The Open, mashindano mengine makubwa, pale Carnoustie, Scotland, Padraig Harrington alifika shimo la mwisho akiongoza kwa mkwaju mmoja. Akauzamisha mpira kwenye kijito cha Barry Burn. Akauzamisha tena. Shimo hilohilo mwaka 1999 lilimwangusha Jean van de Velde wa Ufaransa, aliyelifikia akiwa mbele kwa mikwaju mitatu akalimaliza kwa 7. Harrington amesimulia kwamba alipokuwa akitembea kwenda kwenye mpira wake alijiona ameshaupoteza ubingwa, na kedi wake, Ronan Flood, akawa anamsemesha njia nzima: mkwaju mmoja kwa wakati wake, na wewe ndiye bingwa wa mipira mifupi. Alimsemesha mpaka akaamini. Harrington akapiga mpira mfupi karibu na shimo, akaingiza pati, akapata 6. Kisha mpinzani wake, Sergio García, akakosa pati yake ya ushindi, wakaenda mashimo manne ya ziada, na Harrington akabeba kombe.

Wewe una kedi kila Jumamosi, na naweza kubahatisha kwamba kazi unayompa ni kubeba begi na kutafuta mpira. Mpe kazi ya pili. Nimeanza gofu nikibeba begi, najua kedi anaona mambo mengi ambayo hajaulizwa. Mwambie: "Nikikosea, usizungumzie fimbo yangu mpaka nivue glovu." Unapopiga mkwaju mbaya una ruhusa ya kukasirika kadiri ya muda wa kuvua glovu. Ile sauti ya kibandiko cha glovu kikibanduka, mkwaju ule umefungwa. Baada ya hapo mzungumze mpira wa miguu, siasa, bei ya vipuri, chochote, mpaka mfike hatua kumi kabla ya mpira. Hapo unavaa glovu tena, na ndipo gofu inaanza upya.

Ukitafuta kocha wa kazi hii, muulize swali moja tu: "Utatembea nami uwanjani?" Akisema ana semina ya ukumbini ya kuwaza ushindi, mshukuru uende zako. Na huyu uliyenaye usimwache, ana kazi nzuri mikononi. Mwombe nusu ya kipindi cha Jumatano iwe mashimo matatu kwa mpira mmoja tu, bila kurudia, na anayeshindwa ananunua soda. Mazoezini unapiga mpira baada ya mpira kutoka kwenye ndoo, kosa halina gharama. Mwili wako haujawahi kufanya mazoezi ya kupiga mpira ulio mmoja.

Kocha, mimi ni mstaafu, nimecheza gofu maisha yangu yote ya kazi. Mipira mirefu sina shida nayo. Shida ni pati ya futi tatu. Mkono wa kulia unashtuka wenyewe dakika ya mwisho na mpira unapita pembeni ya shimo. Je, ni akili au ni uzee?
Mstaafu, Morogoro

Shikamoo mzee wangu. Huo mshtuko unawapata hata mabingwa. Bernhard Langer wa Ujerumani ulimvamia zaidi ya mara moja katika maisha yake ya mchezo, na bado alishinda Masters mara mbili, 1985 na 1993. Hakupambana nao kwa kujikaza. Alibadilisha namna ya kushika: kwa kipindi kirefu mkono wa kulia uliubana mpini wa fimbo dhidi ya mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, mkono ule wa kulia ukakosa nafasi ya kushtuka. Nawe jaribu kuweka mkono wa kushoto chini na wa kulia juu. Mkono ukipewa kazi ngeni, mara nyingi husahau tabia yake ya zamani.

La pili ni macho. Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alipima wanakotazama wachezaji wanapopiga pati, akaona wazuri hukaza jicho sehemu moja ya mpira kwa muda mrefu kuliko wenzao, na mpira ukishaondoka jicho linabaki palepale kwenye nyasi. Chagua kishimo kimoja kati ya vile vidogo vilivyo kwenye mpira, upande wake wa nyuma, kitazame kwa kadiri ya kusema "moja, mbili" taratibu, piga, kisha zitazame nyasi mpaka usikie mpira ukidondoka shimoni. Asiyeutazama mpira unakwenda wapi hana haraka ya kuusukuma.

Ila mzee, kama mkono huo unashtuka hata ukishika kikombe au ukiandika, usihangaike na kocha. Mwone daktari wa mishipa ya fahamu. Kuna mishtuko ambayo si hofu, na hiyo ina wataalamu wake.

Habari za kazi, Kocha. Binti yangu ana miaka 14, anacheza mashindano ya vijana. Akikosa pati analia palepale kwenye grini, ule uwanja wa nyasi fupi wenye shimo. Baba yake anamfuata uwanja mzima akimwambia "inua kichwa", "usiogope", na nyumbani wanarudi hawasemezani. Nahofia ataacha mchezo. Tumtafutie mwanasaikolojia?
Mama wa mchezaji, Dar es Salaam

Nzuri, dada yangu. Kabla ya mwanasaikolojia, tuanze na baba, na naomba asichukulie vibaya kwa sababu najua anafanya kwa mapenzi. Kwanza kuna sheria. Wakati wa raundi mchezaji haruhusiwi kuomba ushauri wa namna ya kucheza kwa mtu yeyote zaidi ya kedi wake, au mwenza wake kama wanacheza wawili upande mmoja, na adhabu yake kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju ni mikwaju miwili. Binti akigeuka kumuuliza baba "nitumie fimbo gani?" ameshajitia hatarini. Pili, kila baba anapofungua mdomo, mtoto anasikia kwamba anatazamwa. Anapiga pati mbili kwa wakati mmoja: moja ya kuingiza shimoni, nyingine ya kuutuliza uso wa baba yake.

Mwambieni ukweli kuhusu pati, kwa sababu nadhani analilia jambo ambalo hakuna anayeliweza. Kutoka futi nane, wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour, wanaokula kwa mchezo huu, huingiza takriban nusu tu. Mtoto wa miaka 14 anayelia kwa kukosa futi nane analilia kiwango kisichokuwepo duniani. Mwonyesheni pia handikapu inavyopatikana tangu mfumo wa dunia ulipoanza mwaka 2020: zinachukuliwa raundi zako 20 za mwisho, kisha zinahesabiwa 8 bora. Raundi 12 mbaya zinawekwa pembeni, kikanuni kabisa. Waliotunga mfumo walijua mchezaji atakuwa na siku mbovu nyingi kuliko nzuri.

Kulia kwenyewe kusiwatishe. Akilia akafuta machozi akaenda tii inayofuata na utaratibu wake uko palepale, sina neno. Lakini akianza kukosa usingizi kabla ya mashindano, au kukataa chakula, au furaha ikatoweka hata siku za kucheza na rafiki zake, hapo ndiyo, tafuteni mtaalamu wa saikolojia ya watoto bila kusubiri.

Baba nampa kazi, kwa sababu mzazi asiye na kazi uwanjani ataongea tu. Achukue kadi na kalamu, akae upande wa pili wa feawei, ile njia ya nyasi zilizokatwa inayoelekea kwenye shimo, na kwenye kila shimo aandike ni mara ngapi binti amesimama nyuma ya mpira na kutoa pumzi kabla ya kupiga. Mikwaju asiihesabu. Kwenye gari mkirudi, kadi hiyo ndiyo izungumzwe kwanza, na aanze binti mwenyewe kusema ni shimo gani alijiona yuko sawa. Wafanye hivyo mashindano mawili matatu, kisha niandikie tena.