Mwanangu, kuhusu jembe uliloniuliza

Goma, mwezi wa tatu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilitoka nikakaa juu ya lile jiwe la uani, ili mtu asinisemeshe. Umesema mmepewa kipande katika bustani ya mtaa huko Liège, Ubelgiji, mita 4 kwa 6, na majirani wenu wameshaanza kuchimba. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, uanzie wapi, maana hujawahi kupanda hata kitunguu. La pili ulilisema mwishoni, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumkosea mzazi: "Mama, wewe unajua kulima. Kwa nini hukunifundisha?"

Nitaanza na hilo la pili, kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi.

Sikukufundisha kwa sababu nililigeuza jembe kuwa fimbo. Ukileta pointi mbaya, nilikuambia, "Usiposoma utaenda kulima." Shuleni nako ilikuwa hivyohivyo: mtoto akichelewa anapewa jembe akafyeke nyuma ya darasa, wenzake wakimchungulia dirishani. Mimi nilizaliwa Masisi. Bibi yako alilima maharagwe na viazi kwenye mteremko mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na siku nilipoolewa mjini niliapa kwamba binti yangu hatashika mpini. Nilitaka ushike kalamu. Umeishika, namshukuru Mungu. Lakini kuna kitu nilikuwa nacho mkononi nikakunyima, na leo nakuomba radhi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kabla ya mbegu yoyote: wanao wasisikie hata siku moja kwamba bustani ni adhabu. Mtoto akikosea, mpe adhabu nyingine.

Sasa, uanzie wapi. Anza na udongo. Najua unataka kusikia habari ya mbegu, lakini nivumilie, maana hili nililijua kwa kuumia.

Ulikuwa na miaka 11 tarehe 17 Januari 2002, siku ile ya Alhamisi volkano yetu ya Nyiragongo ilipopasuka ubavuni. Unakumbuka tulivyovuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na godoro moja. Lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaharibu kanisa kuu, ikateremka mpaka ziwani. Tuliporudi, nyumba yetu na duka langu la vitenge vilikuwa chini ya jiwe jeusi, na jiwe lenyewe bado lina joto. Baba yako alijenga nyumba ya mbao juu yake. Mimi nikatazama huku na huku, sikuona hata mahali pa kuchomeka mche mmoja wa lengalenga, huo mchicha wetu. Mtoto wa Masisi, kwetu ukitupa mbegu ya boga asubuhi inaota, nikajikuta nanunua udongo! Mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, alituletea magunia kutoka upande ambao lava haikufika, nami nikamlipa kama ninayenunua unga.

Magunia yale ya kwanza yote yalikufa. Nilijaza udongo tu, nikaushindilia ukae vizuri, nikamwagia maji juu. Juu kukawa tope, chini kukavu, miche ikawa ya njano halafu ikalala. Jirani mmoja mzee ndiye aliyenionyesha. Alimwaga gunia zima chini, akachukua kopo lisilo na kitako, akalisimamisha katikati ya gunia tupu na kulijaza vijiwe vya lava. Akaweka udongo uliochanganywa na samadi pembeni, akalivuta kopo juu kidogo, akajaza tena, hivyo hivyo hadi juu. Vijiwe vikawa kama koo la gunia, maji yakishuka yanafika kila mahali. Pembeni alitoboa matundu na kupachika miche. Wakati huo wote wewe ulikuwa ndani na madaftari. Ulitoka mara moja kuuliza kama usaidie, nikakufukuza urudi kusoma. Hilo nalikumbuka vizuri.

Tangu hapo hakuna ganda la ndizi lililotoka kwenye kiwanja chetu. Maganda ya viazi, majani ya maharagwe, mavi ya sungura, majani makavu niliyookota barabarani, vyote viliingia shimoni. Leo kuna udongo juu ya lile jiwe, si mwingi, lakini ukiingiza kidole kinazama chote. Miaka mingine moshi wa volkano ukichanganyika na mvua huunguza majani ya maharagwe, yanakuwa na madoa kama yaliyomwagiwa maji ya betri. Naondoa yaliyoungua, napanda tena.

Wewe huna jiwe. Una udongo ambao watu wameulima kabla yako, na umeniambia kuna mapipa ya mboji ya bustani nzima. Huo ni utajiri. Lakini usiuingilie udongo ukiwa umelowa. Chukua udongo wa kujaza kiganja, ufinye, kisha usukume kwa kidole gumba. Ukibaki donge kama la mfinyanzi, rudi nyumbani, hata kama ni Jumamosi na watoto wamevaa mabuti. Ukichimba udongo uliolowa unaugeuza tofali kwa mwaka mzima. Ukivunjika-vunjika, shika kazi.

Na usilime kipande chote. Nakusihi. Chukua nusu. Tengeneza matuta mawili yenye upana wa mita 1 na sentimita 20, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila mtu kukanyaga juu. Mguu unaua udongo kuliko jua. Tandaza mboji juu, unene wa vidole vinne, changanya kidogo tu. Nusu nyingine ifunike kwa makatoni yaliyotolewa gundi na plastiki, juu yake majani, na uisahau mpaka mwakani; magugu yatakufa gizani yenyewe. Mtu anayeanza akishika mita zote 24, mwezi wa saba anakuwa mtumwa wa magugu, na mwezi wa tisa harudi tena. Hapa pia nimewaona.

Sasa wakati wa kupanda, na hapa elimu yangu inaishia, kwa sababu sisi tunangoja mvua na ninyi mnangoja joto. Kwetu mvua zikirudi mwezi huu wa tatu tunapanda, na zile za mwezi wa tisa vilevile. Maji yasiyoganda kamwe hayanifundishi kitu juu ya baridi ya Ubelgiji. Nilimwendea padri wa parokia, yule mzee Mbelgiji, nikamwambia binti yangu ana bustani Liège. Alifurahi kama aliyepata barua ya kwao. Alinieleza kwamba mama yake hakuthubutu kutoa miche ya nyanya nje kabla ya kupita watakatifu wa barafu: Mamerto, Pankrasi na Servasi, tarehe 11, 12 na 13 Mei. Hadi siku hizo usiku mmoja tu wa baridi kali unaweza kugandisha maji ndani ya jani, na asubuhi mche umekuwa mweusi kama uliochemshwa.

Kwa hiyo, ulivyouliza kama upande lengalenga sasa hivi, jibu ni hapana. Lengalenga ni mtoto wa jua. Aingie mwishoni mwa mwezi wa tano, hata wa sita. Maharagwe nayo yangoje. Yakizikwa kwenye udongo wa baridi yanaoza kabla ya kuota, na mahindi na maboga ni hivyohivyo. Lakini kuna wasioogopa baridi: njegere, vitunguu, saladi, spinachi, figili. Hao waanze sasa, udongo ukikubali ule mtihani wa kiganja. Viazi vizike katikati ya mwezi wa nne. Usipande spinachi nyingi kwa mara moja, kwa kuwa siku zikirefuka inakimbilia kutoa maua na majani yanakuwa machungu. Panda kidogo, baada ya wiki mbili kidogo tena.

Miche ya nyanya unaweza kuianzisha ndani, dirishani, sasa hivi. Kabla ya kuihamisha, izoeze: itoe nje mchana siku chache, usiku irudi. Nawe mwenyewe ulipofika huko, mwezi wa kwanza, hukutoka bila koti mbili.

Mbegu za lengalenga nilitaka kumpa yule binamu yako anayesafiri. Nimeambiwa mbegu za kupanda haziingii Ulaya bila cheti cha afya ya mimea, nami sitaki akamatwe uwanjani kwa ajili ya mboga. Umesema maduka ya Waafrika huko yanaziuza. Nunua hapo, na ukivuna acha mashina mawili yakomae mpaka yatoe mbegu. Mwaka wa pili hutanunua.

Watoto. Hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Yule mdogo wa miaka minne mpe mbegu kubwa, njegere sasa, maharagwe baadaye, kwa sababu vidole vyake havijui kushika punje ya karoti. Atamwaga zote shimo moja, wewe utapiga kelele, na tutakuwa tumerudi kwenye lile jembe la shuleni. Mkubwa mpe figili. Zinachomoza ndani ya siku chache na baada ya wiki nne hivi anang'oa na kula. Mtoto wa miaka tisa hawezi kungoja nyanya kuanzia mwezi wa tatu hadi wa nane bila kuonja kitu. Kila mmoja awe na mstari wake, na mstari wa mtoto usiunyooshe usiku akiwa amelala. Ukiwa mpinda, uache mpinda.

Mwezi wa tano ukishapita na wale watakatifu wako, simamisheni fito ndefu, mzifunge juu kama kibanda, na pande zote mzike maharagwe yanayopanda miti, kama yale ya Masisi. Mwezi wa saba watoto watakuwa na nyumba ya majani ya kuingia. Bibi yako alitutengenezea hivyo pembeni mwa shamba, nami nilikuwa nikilala humo wakati yeye analima. Nashangaa kwamba nilikumbuka mgongo wake miaka yote hii nikasahau kile kibanda.

Bwana yako umesema anaogopa minyoo. Basi asukume toroli la mboji na kuchota maji. Mwagilieni asubuhi, si jioni, wakati huu wa baridi; udongo uliolowa usiku unawaita wale konokono wasio na nyumba, na umeniambia majirani wanawalalamikia sana. Ubao uliowekwa chini jioni unawakusanya, asubuhi unawaokota. Baadaye joto likija, mwezi wa sita, mnaweza kumwagilia jioni, na kwa kuwa huko jua linakawia mpaka saa nne usiku, watoto watafika bustanini hata baada ya kula. Hapa jua linazama kwenye saa kumi na mbili, mwaka mzima. Ningepata jioni ndefu kama hizo, sijui ningekuwa na magunia mangapi.

Siku ya kazi ya pamoja usiikose. Sisi wa enzi za Mobutu tungeiita salongo, lakini ile ilikuwa ya amri, hiyo yenu ni ya hiari. Nenda na kitu cha kula, hata sambusa chache, na umtafute yule mwenye mikono iliyochakaa kuliko wote. Muulize maji yanatuama wapi, na upepo unatoka upande gani. Huyo anaijua ardhi ya hapo. Mimi naijua hii ya kwangu.

Habari za mji wetu unazisikia redioni, sitazirudia. Chukudu bado zinateremka kutoka Kibumba na kabichi na puaro, na asubuhi hii nimevuna lengalenga la kutosha sahani mbili. Kaka yako anakusalimia. Nyuma ya nyumba kuna gunia moja nililoacha bila kupanda. Nitaweka njegere humo siku ileile mtakayoweka zenu, ili wajukuu waniulize simuni kama za koko, yaani bibi yao, zimeota.

Jumamosi mkifika, nipigie kwa video. Usinionyeshe uso wako kwanza, uso wako naujua. Ishushe simu mpaka chini, finya udongo mbele yangu, usukume kwa kidole gumba. Tukiona umevunjika ndipo mdogo afungue pakiti ya njegere.

Mama yako