Nyanya za kitalu nyumba: huo ni utitiri mwekundu

Ndugu, umeuliza kwa nini nyanya zako za kitalu nyumba zina vidoa vya manjano na utando mwembamba kwenye vikonyo, na mbona dawa ya wadudu uliyopiga haijasaidia. Kwa maelezo hayo, huo ni utitiri mwekundu. Hakikisha leo: weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge kwa kidole, uangalie. Vumbi lililodondoka likianza kutembea, ndio huo.

Utitiri si mdudu hasa. Ni jamaa ya buibui, una miguu minane, kwa hiyo dawa nyingi za wadudu haziuui. Kibaya zaidi, dawa za wadudu za jamii ya pairethroidi huua wadudu rafiki wanaoula, nao unabaki kuzaana bila bughudha. Kwenye joto la nyuzi 30 yai huwa utitiri mzima kwa wiki moja hivi! Acha dawa hiyo ya wadudu kabisa.

Kata majani yaliyokauka, yafunge kwenye mfuko papo hapo, uyachome mbali na kitalu. Kisha tafuta dawa ya utitiri iliyosajiliwa kwa nyanya, mfano yenye kiambato cha abamectin, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Piga jioni, bomba likielekea juu, maana utitiri unakaa chini ya jani. Wengi hulowesha juu tu. Mayai hupona, hivyo rudia kama lebo inavyosema, na awamu nyingine tumia kiambato tofauti utitiri usije ukaizoea dawa.

Na mwagilia vizuri, tafadhali. Mche wenye kiu hushambuliwa vibaya zaidi.