Mnaoanza kukusanya stempu na karatasi za zamani, acheni kwanza laminesheni

Naandika hii kwa vijana wa Kigoma na Tabora mlioanza kukusanya stempu, barua, tiketi na noti za zamani, maana naletewa vitu hapa Mwanga, Kigoma mjini, vinatia uchungu kweli, na mara nyingi aliyeviharibu wala sio mchwa, ni mwenyewe na huruma yake.

Nianze na laminesheni kwa sababu ndio ugonjwa wetu. Sisi mtu akipata karatasi ya maana, iwe cheti cha kuzaliwa au hati ya shamba, haraka steshenari ikapigwe plastiki, sasa kwa cheti shauri yako lakini kwa stempu umeshaizika. Ile mashine inapiga moto unaozidi nyuzi 100, gundi iliyo ndani ya plastiki inayeyuka na kushika kwenye nyuzinyuzi za karatasi, haitoki tena bila kung'oa na karatasi yenyewe. Nyuma ya stempu ambayo haijatumika kuna gundi yake ya asili na ndio nusu ya bei, hiyo nayo kwisha. Na nyie mnaokusanya tiketi za siku hizi, zile za karatasi ya risiti zinazotoka kwenye kimashine, mkiipitisha kwenye laminesheni inatoka nyeusi tii, kwa sababu karatasi ile haina wino, inaandikwa kwa joto. Hizo ziskani au zipige picha mapema tu, hata ukizificha wapi zitafifia zenyewe.

Kwa hiyo kabla hujafanya chochote jiulize, hiki ninachokiweka naweza kukitoa baadae bila kuacha alama? Kama jibu ni hapana, acha. Karatasi iliyochanika ikaachwa hivyohivyo ina bei kuliko iliyogandishwa na selotepu, maana selotepu miaka michache plastiki yake inabanduka inakuacha na mstari wa njano uliozama mpaka upande wa pili. Supaglu ndio usinitajie. Pini za stepla na klipu za chuma ng'oa taratibu kwa kucha, na unyevu huu wa ziwa zinaota kutu. Ile mipira ya kufungia hela nayo ni hivyohivyo, inayeyuka na kuganda kwenye bahasha ya juu.

Sasa maji. Kila anayeanza kaambiwa na mtu loweka bahasha kwenye beseni stempu itabanduka. Kweli itabanduka, ila kwanza jua umeshika nini. Huku kwetu reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, halafu vita vikaja, Mbelgiji akaingia Kigoma na Tabora 1916, na Kigoma akakaa mpaka 1921. Ndio maana kwenye masanduku ya mababu zetu kuna stempu za Mjerumani zenye meli ya Kaiser, mfalme wao, kuna za Kongo zilizopigwa maandishi juu kwa Kifaransa na Kiholanzi, na za Mwingereza zilizopigwa G.E.A., yaani German East Africa. Bahasha nzima iliyopita posta enzi hizo, yenye muhuri unaosomeka vizuri jina la mji na tarehe, thamani yake iko kwenye bahasha, stempu peke yake pengine ni ya buku mbili. Ukiikata au ukiiloweka umebaki na kipande cha rangi.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui: stempu nyingi za makoloni ya Uingereza za enzi za Edward wa Saba na George wa Tano, hasa zile za zambarau na za kijani, zilichapwa na kampuni ya De La Rue kwa wino unaotoka makusudi, ili mjanja akijaribu kufuta muhuri aitumie tena picha nayo iondoke. Ukiitumbukiza kwenye beseni unaangalia hivihivi maji yanageuka rangi na uso wa mfalme unapauka. Na mtu anayesafisha madoa kwa jiki simjibu kabisa, jiki inakula karatasi, leo inang'aa baadae inakuwa dhaifu inavunjika.

Dawa za wadudu nazo. Bibi zetu wanaweka majani ya mwarobaini kwenye vitabu, na Tabora nimekuta mtu katandika tumbaku kavu kabisa katikati ya barua za baba yake, wadudu sijui kama walikimbia ila kila barua imebaki na picha ya jani, kahawia, na mishipa yake yote unaihesabu. Jani lina mafuta na maji hata ukiliona kavu. Naftalini nayo isikae boksi moja na plastiki, mvuke wake unalainisha baadhi ya plastiki zikaanza kunata. Kinachosaidia ni usafi, usile chipsi karibu na albamu, na kila baada ya wiki chache fungua uangalie, mende anapenda sana ile gundi ya nyuma.

Albamu za picha zile za plastiki laini inayonuka kama mpira mpya, kimbia. Ile ni PVC, kuna mafuta ndani ya kuilainisha na yanahama polepole kwenye karatasi, stempu inaganda na plastiki inabadilika rangi. Kama huna uhakika kata kipande kidogo, kaa nje, chukua waya wa shaba upashe kwenye moto mpaka uwe mwekundu, ugusishe kwenye kile kipande kisha uurudishe motoni. Moto ukiwa wa kijani, hiyo ina klorini, usiitumie, na usivute ule moshi. Tafuta plastiki ngumu inayolialia ukiikunja na isiyo na harufu, au kama hela hamna bahasha za karatasi nyeupe safi za ofisini zinatosha kuanzia. Gazeti usifungie kitu, karatasi yake ina asidi ndio maana inageuka njano haraka. Livingstone alipoishiwa karatasi kule Nyangwe 1871, kabla hajarudi Ujiji, aliandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mbegu za matunda, na kuisoma tena ilibidi wataalamu waipige picha kwa mianga tofautitofauti, matokeo yakatoka 2011.

Mahali pa kuweka: Kigoma kuanzia Novemba mpaka masika yaishe usiegemeze boksi kwenye ukuta wa nje wala usiliweke sakafuni, ukuta unatoa jasho. Tranka la bati likifungwa mvua ikinyesha linashika maji kwa ndani, ukitumia hilo weka vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu, na ujue vinashiba, inabidi uvikaushe tena. Mchele hapana, utaleta fukusi. Tabora shida yenu kiangazi ni vumbi na ukavu, karatasi inajikunja, msiinyooshe kwa pasi, iweke chini ya vitabu vizito ikae hata mwezi.

Na kama tayari umeshalaminetiwa kitu na mzee kabla hujakirithi, usijaribu kukibandua kwa wembe wala moto wa pasi, kiache kilivyo, kiweke gizani, andika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni kimetoka kwa nani na mwaka gani, kwa sababu hiyo historia bado unaweza kuiuza pamoja nacho.