Ukitua Johannesburg ukielekea Pretoria: treni lini, gari lini

Watu wa Moshi wanaojiandaa kwenda Afrika Kusini huniuliza kama ile treni ya uwanja wa ndege ni nzuri. Nzuri ni nzuri. Ila jibu hilo halimsaidii mtu aliyetua jioni na begi la kilo 23, simu inakaribia kuzima na mwenyeji hapokei. La kuuliza ni kama inakufaa wewe, kwa saa uliyotua na mzigo ulio nao. Mtoto wa kaka yangu anasoma Pretoria, kwa hiyo njia hiyo nimeipita peke yangu na begi la mgongoni, na nimeipita pia na kina mama waliobeba nusu ya soko la Mbuyuni. Sikuwashauri hao kitu kilekile ninachojishauri mwenyewe.

Kwanza ujue unapanda nini. Gautrain ilianza kubeba abiria Juni 2010, siku tatu kabla ya Kombe la Dunia, ikiwa na kipande cha kutoka O.R. Tambo, uwanja wa ndege wa Johannesburg, hadi Sandton tu, mtaa wa biashara wa jiji hilo. Njia ya kwenda Pretoria ilifunguliwa mwaka uliofuata, na stesheni ya Park, katikati ya Johannesburg, ikafuata 2012. Kwa jumla ni kama kilomita 80 na stesheni 10, na treni hufika kilomita 160 kwa saa. Kama umeshapanda SGR yetu ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, kasi hiyo unaijua, na hata upana wa reli ni uleule. Tofauti ni kwamba hapa hakuna tiketi yenye jina wala namba ya kiti. Ni treni ya watu wa kazini, inakuja, unaingia, unakaa penye nafasi.

Wengi wanadhani wanalipia mwendo kasi. Mimi naona unacholipia ni uhakika wa saa. Kutoka O.R. Tambo hadi Pretoria kuna barabara ya R21, na ikiwa tupu gari linaweza kukufikisha mapema kuliko treni, maana kwa treni lazima ubadilishe njiani. Lakini nani anakuhakikishia kuwa itakuwa tupu? Barabara kuu ya kati ya Johannesburg na Pretoria ni miongoni mwa zenye magari mengi zaidi nchini mwao, na asubuhi na jioni watu huhesabu foleni kama sehemu ya ajira.

Sisi wa huku thamani ya uhakika huo tunaijua vizuri. KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, iko Hai, kati ya Moshi na Arusha, na kutoka Moshi mjini ni kama kilomita 40. Kwa barabara tulivu huo si mwendo wa kumtisha mtu. Lakini hakuna anayeondoka nyumbani kwa hesabu ya barabara tulivu. Unahesabu vibao vya hamsini, askari wa tochi, lori linalojikokota na wewe huwezi kulipita, msongamano wa Boma Ng'ombe. Ikiwa ni Desemba, Wachaga wote wamerudi nyumbani na magari yao, hapo ndiyo usiseme. Mwisho unaongeza saa nzima ya woga. Gautrain inaiondoa saa hiyo ya woga, na kwa mtu mwenye miadi ubalozini au hospitalini, hiyo ina thamani kubwa. Kwa mtu anayekwenda kupumzika kwa shemeji yake, haina.

Sasa tuje kwenye kutua. Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90, lakini foleni ya uhamiaji ipo palepale, kwa hiyo usipange treni kwa saa ya ndege kugusa ardhi. Ongeza saa moja, na kama ndege kubwa mbili tatu zimetua pamoja, ongeza zaidi. Rudisha na mshale wa saa yako, kwa sababu wao wako saa moja nyuma yetu. Na usisahau kuwa ratiba zao zinasomeka kwa saa za kizungu. Ile 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni, hata kama kichwa kimechoka kinataka kusoma vingine.

Nilipokwenda kwa mara ya kwanza, yule kijana aliniandikia ujumbe ambao hadi leo nawatumia wengine: "Shikamoo shangazi. Ukitoka nje usimjibu mtu yeyote hata akikuita mama. Fuata vibao vya Gautrain, panda juu." Ni hivyohivyo. Pale kwenye ukumbi wa kuwasili wapo watu wanaokukaribisha kwa upole, wanataka kukusukumia toroli, wanajua taksi ya bei nafuu, wanajua kila kitu. Kwa malezi yetu ni vigumu kumpita mtu anayekusalimia. Mpite. Stesheni iko ghorofani, ndani ya eneo la uwanja, na unafika kwa lifti au ngazi za umeme bila kutoka barabarani.

Getini unagusa kadi. Kuna kadi ya Gautrain yenyewe, inayonunuliwa na kuongezwa salio palepale, au unagusa kadi ya benki ya Visa au Mastercard yenye alama ya mawimbi. Kabla ya kuondoka Moshi, nenda benki yako uulize kama kadi imefunguliwa kwa malipo ya nje ya nchi. Hilo ni jambo la dakika chache kaunta, na linakuepusha kuhangaika mbele ya foleni ya watu wenye haraka. Kila abiria awe na kadi yake. Mama na binti hawawezi kupita kwa kadi moja. Na kadi uliyoingilia ndiyo utakayotokea, kwa hiyo usiizamishe chini ya begi. Usipogusa wakati wa kutoka, mfumo haujui ulishuka wapi na hukukata nauli ya juu.

Halafu stesheni ya Marlboro. Andika mkononi ikibidi. Treni inayotoka uwanjani haiendi Pretoria, inaishia Sandton. Wewe unashuka Marlboro, unabadilisha jukwaa, unapanda inayoelekea Hatfield. Ukipitiliza hadi Sandton hujapotea, bado unaweza kuunganisha hapo, ila utakuwa unarudi nyuma ulikotoka. Kabla ya kupanda, soma ubao uone umeandikwa Hatfield, maana upande wa pili treni inakwenda Park. Ukiunganisha vizuri, safari nzima ni chini ya saa moja. Wenye shughuli za chuo na balozi nyingi hushuka Hatfield, ambako ndiko mwisho. Stesheni ya Pretoria yenyewe iko upande wa katikati ya mji, na usiku mimi singekushauri utoke hapo kwa miguu ukiburuta begi.

Ndani ya treni hakuna kula, hakuna kunywa, hakuna hata ubani wa kutafuna, na faini ipo. Kwa sisi tuliozoea karanga na mayai ya kuchemsha dirishani kila kituo, inahitaji moyo. Kula kabla. Na wale wanaotaka kumpelekea mwanafunzi ndizi mshare ili apike mtori, wamwonee huruma: mimea na mazao mabichi yana masharti yake mpakani. Mpelekee kahawa iliyokaangwa, atakushukuru.

Tuzungumze hela, maana hapo ndipo ushauri wangu hubadilika. Nauli ya kuingia au kutoka uwanja wa ndege iko juu kuliko safari za kawaida za treni hiyohiyo. Kutoka uwanjani hadi Sandton tu ni zaidi ya randi 200 kwa mtu mmoja. Kwa msafiri mmoja nasema panda, bila kufikiri mara mbili. Mkiwa wawili, mnahesabu kidogo. Watatu au wanne wenye mabegi makubwa, chukueni gari moja kwa programu ya simu, mgawane, liwashushe mlangoni. Nawajua watu waliopanda treni wote wanne kwa sababu tu walitaka kuipiga picha. Sina neno, ila wasiseme treni ni ghali.

Sababu nyingine ya kuiacha ni usiku. Hii si huduma ya saa 24. Treni huanza alfajiri na hufunga mapema usiku, na ndege nyingi zetu, zikiwa zimepitia Nairobi, Addis Ababa au Dar es Salaam, zinaweza kukutua jioni au usiku. Kama ndege yako inatua baada ya saa moja usiku kwa saa zao, panga gari tangu ukiwa nyumbani na uichukulie treni kama bahati. Jumamosi na Jumapili treni huachana kwa muda mrefu zaidi, na mabasi yao yanayosambaza abiria kutoka stesheni hupungua sana. Treni inakufikisha stesheni, na kutoka hapo kwenda kwa mwenyeji ni safari nyingine yenye nauli yake. Hiyo ndiyo sehemu watu husahau kuiuliza.

Nasema haya nikijua miji mingine nayo inajenga reli kama hizi, na si kila iliyozinduliwa inatembea. Abuja walizindua treni ya kwenda uwanja wao wa ndege Julai 2018, ikasimama 2020, ikarudi Mei 2024. Aliyekwenda katikati hapo na kijitabu cha zamani alikuta geti limefungwa. Nairobi, ambako wengi wa Arusha huendea ndege kwa kupitia Namanga, treni ya mjini ilifika Syokimau 2012, lakini haiingii ndani ya uwanja wa Jomo Kenyatta. Popote unapokwenda, uliza mtu aliyeko huko wiki hiyo.

Kurudi ni rahisi zaidi, kwa sharti moja: chagua treni inayokutosha, kisha panda inayoondoka kabla yake. Kubadilisha Marlboro ukiwa na dakika za ziada ni kazi ndogo. Ukiwa huna, kila ngazi inakuwa Kilimanjaro.

Na huku kwetu, usiikatie KIA hesabu ya Gautrain. Reli ya Moshi na Arusha inapita ukanda uleule, na treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi kufika Arusha Oktoba 2020, lakini ya kukutoa uwanjani hakuna. Kosta na Noah zinapita barabara kuu tu, na kutoka njia panda hadi uwanjani ni kilomita kama sita. Mchana unaweza kushuka njia panda ukamalizia na bodaboda kama una begi dogo. Usiku, mpigie dereva unayemjua kabla hujapanda ndege Johannesburg, mkubaliane bei palepale, na umtumie saa ya kutua kwa maandishi, useme wazi kama ni saa za kwetu au za kizungu.