Si lazima uchonge kila tofali: jibu kwa aliyeuliza kuhusu kuba ya tanuri la piza

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Fundi kakwambia kila tofali la kuba lazima lichongwe pande zote na kakutajia bei kwa kila tofali, halafu hujui kama grenda ndogo ya nyumbani (mashine ya mkononi ya kukatia kwa diski) itaiweza kazi hiyo. Mimi nina tanuri la kuni nyuma ya nyumba huku Kisarawe, na nimewasaidia jamaa kadhaa kujenga ya kwao, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyashika kwa mikono.

Si lazima kuchonga kila tofali. Kilicho cha lazima ni kila tofali lielekee kwenye kitovu cha sakafu. Ukishalielewa hilo utajua wapi grenda inahitajika na wapi unamaliza diski na hela bure.

Tuchukue tanuri la kawaida la nyumbani, upana wa ndani sentimita 90, kuba ya nusu tufe, kwa hiyo kimo cha ndani ni sentimita 45. Tofali la moto, yaani lile la kustahimili joto kali, linalopatikana sana ni la milimita 230 kwa 115 kwa 76 (yapo pia ya 64). Ukilikata katikati unapata vipande viwili vya 115 kwa 115, na ndivyo vinavyojenga kuba, kila kimoja kikiwa kimelala. Kutoka kitovuni hadi uso wa ndani ni milimita 450, hadi mgongo wa nje ni 565. Shida yote inaanzia hapo: mgongoni kuna nafasi kubwa kuliko ndani. Ukipanga vipande bila kuvichonga, kwa ndani vitagusana na kwa nyuma vitaachana kama milimita 29. Ukitaka vibanane mpaka nyuma, kile chenye 115 mgongoni lazima kibaki na 92 hivi usoni, maana yake unatoa karibu milimita 12 kila ubavu. Na kwa kuwa vimekuwa vyembamba usoni, mzunguko mzima wa kozi (safu ya matofali) ya kwanza, mahali pa mlango pakihesabiwa, utakula vipande 30 badala ya 24. Kwa hiyo kuchonga kunakuongezea na idadi ya matofali ya kununua, jambo ambalo fundi wako hakukwambia.

Ninavyofanya mimi, kozi tatu za chini nakata nusu tu, sichongi mbavu. Nyuso za ndani zinabanana, na ule mwanya wa mgongoni najaza mota (mchanganyiko wa kuunganishia matofali) na vipande vya tofali nilivyovigonga viingie kwa nguvu. Usijaze mota tupu, itasinyaa na kupasuka. Huku chini ndiko kuba inakosukuma kwenda nje, kwa hiyo mwanya lazima ujae kweli, usipakwe juu juu. Hata baina ya kozi na kozi hali ni hiyo hiyo: mbele zinakutana, nyuma unabaki mwanya wa kama milimita 19 wa kujaza.

Kuanzia kozi ya nne hapo ndipo grenda inapopata kazi ya kuchonga, na sababu yake si ile ya mgongo tena. Kozi ya kwanza mduara wa juu ya tofali na wa chini yake ni karibu sawa, tofauti kwa kila kipande haifiki milimita 2. Lakini ukifika theluthi mbili ya safari ya kwenda juu, pale kuba inapokuwa imeinama nyuzi 60, kipande chenye upana wa milimita 90 kwa chini kinatakiwa kiwe karibu 63 kwa juu. Ukikiweka kikiwa mraba, kona za juu zinagongana na jirani huku chini pakiachia pengo la V iliyopinduliwa, tena pengo hilo linautazama moto.

Dawa yake haihitaji hesabu za sekondari. Panga vipande viwili vikavu kwenye kozi hiyo, bila mota, kila kimoja kikiwa kimekaa sawasawa kwenye kipimo cha kitovu. Pima pengo la chini. Tuseme vipande ni vya upana wa 90 na pengo limetoka milimita 40. Zidisha 90 kwa 40, gawa kwa jumla yake, yaani 130, unapata kama 28. Basi kila ubavu utoe nusu yake, 14 kwa juu na sifuri kwa chini. Chora mstari huo kwenye uso wa ndani kwa penseli ya seremala, kisha geuza kipande uchore mgongoni, ambako upana unabaki mkubwa zaidi kwa uwiano ule ule wa 450 kwa 565. Unganisha mistari miwili kwa juu. Sasa diski ikifuata mistari yote miwili, mkato unatoka na mielekeo miwili kwa mara moja, na hukuhitaji kujua ni nyuzi ngapi. Ukikirudisha mahali pake, pitisha ukucha kwenye kiungo: ukipita bila kukwama, kipande kimekubali. Kimoja kikikubali, kifanye kuwa mfano, chora vyote vya kozi hiyo kwa kufuatisha hicho. Kozi inayofuata pima upya.

Huko juu pia acha vipande vya nusu, tumia theluthi. Tofali la 230 likigawanywa mara tatu linatoa vipande vya upana wa kama 75, na mduara mdogo ukijengwa kwa vipande vyembamba unatoka laini. Ukijenga kwa vipana, kuba inakuwa na kona kona kama sufuria iliyobonyea.

Hicho kipimo cha kitovu nilichokitaja ndicho kifaa nisichoweza kujenga bila yake. Ni chuma chenye nyuzi, kama boliti ndefu, kilichofungwa kwenye bawaba katikati kabisa ya sakafu, na ncha yake ina kipande cha chuma cha L kinachopokea tofali. Kinazunguka na kuinuka, na kwa kuwa kina nati unaweza kurekebisha urefu. Popote utakapokipeleka, tofali litakaa kwa umbali ule ule na mwelekeo ule ule. Fundi wa kuchomelea anakutengenezea kwa muda mfupi, mwambie tu mstari wa chuma upite katikati ya uso wa tofali, usipite pembeni, la sivyo vipimo vitahama kadiri unavyopanda. Fundi wa nyumba aliyezoea timazi na pima maji atakuambia anaweza kukadiria kwa macho. Mheshimu, lakini mpe hicho chuma akitumie.

Kuhusu grenda: ndogo ya inchi nne na nusu inatosha. Diski yake inazama kama milimita 30, kwa hiyo kata pande zote, kisha kinachobaki katikati umalizie kwa tindo. Kwa kukata nusu hata huhitaji kuzama. Chora kwa grenda mfereji wa kina cha milimita 10 kuzunguka tofali, lilaze juu ya mchanga, weka tindo pana kwenye mfereji na upige pigo moja la uhakika. Litaachana. Uso uliopasuka uelekee nje, ule wa kiwandani utazame moto. Nunua diski ya almasi ya zege, ile yenye meno yaliyoachana. Ya marumaru yenye ukingo mzima inapata moto haraka ikikata pakavu.

Loweka matofali kwenye ndoo mpaka mapovu yakome, yatoe, yaache yachuruzike, ndipo ukate. Usimwagie maji tofali huku grenda inazunguka, huo ni umeme. Na hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine pote: vumbi la tofali la moto lina silika, ni vumbi lile lile linaloharibu mapafu ya wachimbaji wa miamba, na likishaingia halitoki. Linamweka mtu karibu na kifua kikuu pia. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii kitu. Tafuta barakoa ya N95 au zaidi, miwani, katia nje upepo ukiwa mgongoni, na saidia fundi naye apewe ya kwake. Watoto wakae mbali.

Tofali la kuchoma la kawaida linafaa kwa kuba likiwa limeiva. Ligonge kwa jingine: likilia kama chuma lichukue, likitoa sauti nzito liache. Sakafu weka ya matofali ya moto, maana ndiyo inayokutana na piza na ndiyo inayopigwa na koleo. Ukipewa matofali yaliyotolewa kwenye tanuru la kiwanda, hasa la saruji, kataa. Baadhi yake yana kromiamu, na hutaki sumu hiyo karibu na chakula.

Mota ninayotumia ni ndoo 3 za mchanga laini, 1 ya saruji, 1 ya chokaa na 1 ya udongo mweupe, ule wa kaolini wa vilima vya Pugu. Piza ya Kinapoli inaokwa kwenye nyuzi 430 za Selsiasi na kuendelea, kwa sekunde 60 mpaka 90, na kwa joto hilo saruji inachoka. Kazi inabaki kwa chokaa na udongo. Chokaa ndiyo iliyoshika kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani karne nyingi kabla ya saruji kufika pwani hii, kwa hiyo usimruhusu fundi aibanie.

Mlango uwe na kimo cha asilimia 63 ya kuba, kwako ni sentimita 28 hivi. Ukizidi hapo joto linatoka lote. Pale tao la mlango linapoungana na kuba ndipo penye mikato migumu kuliko yote, kila kipande kina umbo lake. Hapo usitafute mfano wa kufuatisha, kata karatasi ngumu ya boksi kwa kila nafasi, hamishia umbo kwenye tofali. Tundu la mwisho juu kabisa nalo ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo kwa fundi wako, usikubali bei ya kila tofali. Mlipe kwa siku, kozi tatu za kwanza mzimalize kwa tindo na nusu nusu, kuchonga kwa grenda kuanze ya nne. Na kabla hujamwita, weka hapa vipimo vitatu vya tofali ulilopata na upana wa ndani unaoutaka, nikupigie hesabu ya vipande kwa kila kozi.