Unachoweza kufanya ukiwa Nairobi ili vita viishe

Nashona nguo Eastleigh, na wateja wangu wengi wametoka nchi zenye vita: Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, Wasudani, siku hizi hata Wakongo. Ndiyo maana swali hili huulizwa sana mbele ya cherehani yangu, na mara nyingi anayeuliza ni Mkenya aliyekuja kuchukua suruali: sasa mimi mtu mdogo nitafanya nini kuhusu vita vya Sudan? Vilianza tarehe 15 Aprili 2023, jeshi la Sudan chini ya Jenerali Burhan likipigana na RSF, kikosi chenye silaha cha Jenerali Hemedti, na hakuna hata mmoja kati yao atakayenisikiliza.

Mimi huwajibu kwamba majenerali hawapigani peke yao. Wanahitaji watu wa kuwasambazia chuki, watu wa kuwachangia pesa, na raia wa nchi jirani wanaonyamaza serikali zao zinapowakaribisha. Kazi hizo hufanywa na watu kama mimi na wewe, na nyingine hufanyiwa papa hapa Nairobi. Hapo ndipo unapoweza kuzikataa.

La kusambaza chuki kwa ujumbe wa simu nitalieleza kwa urefu, maana nimeliona kwa macho yangu. Vita vya Tigray, jimbo la kaskazini mwa Ethiopia, vilipoanza Novemba 2020, simu za kule zilikatwa. Mtu yuko hapa Eastleigh na hawezi kumpigia mamake ajue kama yu hai. Pengo hilo likajazwa na video. Nilikuwa na wateja Watigray na Waamhara, makabila yaliyojikuta pande mbili za vita hivyo, wote wakiniletea zile nguo nyeupe za pamba zenye tarizi niwapunguzie upindo, na ikafika mahali wakikutana kwangu hawasalimiani.

Kuna binti alinionyesha video ya maduka yakiungua. "Mama, ona wanavyotufanyia." Maandishi ya chini yalisema ni mji wa kwao, tena wiki ile ile. Nikamwomba airudishe mwanzo, tukaitazama pamoja. Nyuma ya moto palikuwa na duka la dawa, na kibao chake kilikuwa cha Kiarabu. Kwao vibao huandikwa kwa herufi zao wenyewe za Kihabeshi. Sauti nayo ilikuwa imeondolewa, ukawekwa wimbo wa huzuni, kwa hiyo hukuweza kusikia watu wale wanasema lugha gani. Alikuwa ameshaituma kwenye vikundi vyake vyote. Akaketi pale kwenye benchi la wateja, akaandika kikundi kimoja baada ya kingine kwamba video ile si ya kwao. Wengine walimtukana, wakasema amenunuliwa. Hakujibizana nao, aliendelea kuandika mpaka akamaliza. Ule ni ujasiri, na sijasikia ukitajwa katika mazungumzo yoyote ya amani.

Kwa hiyo ukiletewa video, tazama vibao, nambari za magari, mavazi, kama ni msimu wa mvua au wa kiangazi. Muulize aliyekutumia ameipata kwa nani. Usimwaibishe kikundini mbele ya wenzake, maana atang'ang'ania. Mfuate pembeni, na ikiwezekana umpigie simu badala ya kumwandikia. Kama huwezi kuthibitisha, isiondoke kwenye simu yako, hata ikiwa inaukandamiza upande unaouchukia. Unyama uliotendeka Tigray, Darfur kule Sudan na Goma kule Kongo ni mwingi na ni wa kweli, na walioupitia wanastahili kuaminiwa. Kila video ya uongo humpa muuaji nafasi ya kukana na ile ya kweli.

Pesa zina maswali yake. Nchini Sudan, vijana wa kujitolea wameanzisha vyumba vya dharura mitaani. Wanapika chungu kimoja kwa mtaa mzima, wanatafuta dawa, wanawahamisha majeruhi. Wasudani walio nje huwatumia pesa, na sehemu kubwa ya chakula hicho hutokana na michango hiyo. Ukiwa na mia tano, mpe Msudani unayemwamini aifikishe huko. Lakini mchango wa "vijana wetu walio mstari wa mbele" ukataeni, hata akija nao shemeji yako. Uliza zitanunua nini, nani atazipokea, na mtajuaje kwamba zimefika. Mwenye jambo jema hakasiriki akiulizwa hivyo. Na unaponunua pete ya dhahabu, muulize sonara imetoka wapi, kwa sababu dhahabu ya Sudan inagharamia pande zote mbili za vita hivyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa hapa hapa Kenya. Miaka ya mwanzo ya tisini, koo za Wajir zilikuwa zikiuana, na wanawake wa ukoo mmoja wakawa hawawezi kununua wala kuuza sokoni mbele ya wanawake wa ukoo mwingine. Dekha Ibrahim Abdi na wenzake hawakungoja wazee wala serikali. Walikubaliana kwanza kwamba soko ni la kila mwanamke, wakaweka kamati ya kuangalia kama makubaliano yanafuatwa, na palipotokea ugomvi wakaufuata siku ile ile. Kutoka sokoni wakaenda kwa wazee, kwa vijana, kwa wakuu wa serikali. Mwaka 1993 wazee wa koo walitia saini Azimio la Al Fatah, na mwaka 1995 kazi yote ikaunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi wa 2007, Dekha alikuwa miongoni mwa watu wachache waliokutana hapa Nairobi mapema kutafuta njia ya kuwatuliza wananchi. Alifariki mwaka 2011.

Nimeiga hilo la soko kwa kiasi changu. Kwangu kila mteja hushonewa kwa zamu yake, kabila lolote, na habari za vita hatuzirushiani juu ya benchi. Anayetaka kulia analia, na chai ipo. Ukiwa na duka, kinyozi, saluni au matatu, unaweza kuweka utaratibu kama huo kuanzia kesho asubuhi.

Kisha kuna serikali yetu, na hapa Wakenya tunajidharau mno. Mkataba uliomaliza zaidi ya miaka 20 ya vita kati ya kusini na kaskazini mwa Sudan ulisainiwa Nairobi, tarehe 9 Januari 2005. Februari 2025, RSF na washirika wake walikutana katika jumba la mikutano la KICC kupanga serikali yao, na Sudan ikamwita balozi wake nyumbani. Mji ni ule ule. Kinachofanyika ndani yake kinatuhusu, na tuna haki ya kukiuliza.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na kifungu cha 240 kinataka idhini ya Bunge kabla ya wanajeshi wetu kutumwa nje. Ombi huwasilishwa kwa Karani wa Bunge, na Kiswahili kinakubaliwa. Andika kwa adabu, taja jambo moja, sema umeshajaribu wapi na ukajibiwa nini, eleza kama liko mahakamani au haliko, kisha kila mmoja aweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi au alama ya kidole gumba. Kama hilo ni zito kwa sasa, anza na barua kwa mbunge wako: nani aliidhinisha mkutano ule wa KICC, na Kenya inafanya nini silaha zisipite kwetu kwenda Sudan? Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo, na mkienda kuulizia jibu nendeni zaidi ya mmoja.